Mfumo Haujasoma

Ukishuka kwenye gari pale Kasumulu, wilayani Kyela, ukasogea upande wa mto Songwe, kuna mahali simu yako huvuka mpaka kabla yako. Mnara wa ng'ambo unashika, meseji ya kukukaribisha Malawi inaingia, na saa inarudi nyuma saa nzima, kwa kuwa wenzetu wa Karonga wanafuata majira ya Afrika ya Kati na sisi ya Afrika Mashariki. Wenyeji wameshazoea. Kijana wa bodaboda anaangalia kioo, anasema "imeenda Malawi hii," anabonyeza mara mbili tatu, simu inarudi nyumbani.

Kosa hilo ni dogo, na nimeanza nalo kwa sababu mwenye simu ana uwezo wa kulisahihisha palepale kwa kidole chake. Katika miaka kama kumi na mitano hivi, maisha ya mtu wa Kyela yameingizwa kwenye mifumo mingi: fedha za simu, kitambulisho cha Taifa, usajili wa laini, mbolea ya ruzuku, mnada wa kakao, na sasa ramani za mashamba zinazotakiwa na Ulaya. Kila mmoja una faida yake, na baadhi ya faida hizo ni kubwa mno. Lakini kila mmoja hukosea, na mengi ya makosa yake huwezi kuyafuta kwa kidole. Kwa hiyo ninapopima mfumo wowote unaoletwa huku ziwani, nauliza hivi: ukikosea, ni nani wa karibu mwenye mamlaka ya kuurekebisha, na atachukua siku ngapi?

Tuanze na kakao, kwa sababu ndiyo inayosomesha watoto huku. Kyela ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania, ikifuatiwa na majirani zetu wa Busokelo na Rungwe. Tangu mwaka 2018 zao hili linauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anavuna, anapasua, anavundika mbegu siku tano hadi saba chini ya majani ya migomba, anaanika, kisha anapeleka kwenye chama cha msingi, AMCOS. Mzigo unapimwa, anapewa stakabadhi, na kakao ya wakulima wengi inakusanywa ghalani ikisubiri mnada. Siku hizi wanunuzi wanashindana kupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na mnunuzi aliye Dar es Salaam anaweka bei bila kufika Kyela. Baada ya mnada na makato, pamoja na ushuru wa halmashauri wa asilimia 3, fedha inaingia kwenye akaunti ya mkulima.

Mtu asiyekumbuka hali ya zamani hawezi kuona uzito wa mabadiliko haya. Zamani mnunuzi alikuja hadi mlangoni na mizani yake mwenyewe na bei yake mwenyewe. Mkulima wa Ngana hakuwa na namna ya kujua mwenzake wa Ipinda kalipwa ngapi juzi. Mwaka 2024, mavuno ya Ghana na Ivory Coast yalipoharibiwa na hali ya hewa na magonjwa, bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza katika historia. Kwa thamani ya dola wakati ule, hiyo ni kama Sh26,000 kwa kilo. Sisemi mkulima alipata yote hiyo. Nasema kwamba alijua. Bei ya mnada ilitangazwa, ikasambaa kwenye simu za vitochi jioni ileile, na hakuna mnunuzi aliyeweza kumwambia bibi wa Makwale kwamba kakao haina soko. Nyumba za bati zilizoinuka mwaka ule ni ushahidi tosha, na yeyote anayeubeza mfumo huu lazima kwanza azitazame hizo nyumba.

Sasa njoo siku ya malipo. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya chama kimoja mwaka huohuo wa neema. Ndani kulikuwa na karani kijana na kompyuta moja, na waya wa umeme uliochomekwa kwenye betri ya sola. Mzee mmoja alikuwa amesimama mbele yake kwa muda mrefu, kofia mkononi. Mzigo wake ulishauzwa. Wenzake wa mnada ule wamelipwa. Yeye fedha yake ilikwenda ikarudi.

"Baba, mfumo haujasoma jina."

"Jina langu limekosa nini?"

Karani akageuza kioo kidogo ili mzee aone. Nami nikaona. Orodha nzima, kutoka juu hadi chini, ilikuwa Mwa-, Mwa-, Mwa-. Anayelijua jimbo letu anaelewa: majina yetu ya ukoo huanza hivyo karibu yote, na wakati wa kuandika kila mwandishi huyasikia kwa sikio lake. Kinyakyusa kina sauti ambazo herufi za Kiswahili hazizibani sawasawa. Mmoja ataandika Mwambugi, mwingine Mwambughi. Kitambulisho cha Taifa kilimwandika mzee huyu kwa njia moja, benki kwa njia nyingine, na daftari la chama kwa njia ya tatu maana mwandishi wa zamani alifupisha. Kwa jirani zake ni mtu mmoja wanayemjua tangu utoto. Kwa kompyuta ni watu watatu, na hakuna hata mmoja wao anayestahili kulipwa.

Sikiliza lakini jinsi tunavyosema. Mfumo haujasoma. Mfumo umekataa. Mfumo uko chini. Lugha yetu imeugeuza mfumo kuwa mtu mzima mwenye macho na hiari yake, na tukishasema hivyo hakuna tena wa kuulizwa. Karani hakudanganya, kweli hakuwa na uwezo wa kubadili herufi moja. Uwezo huo ulikuwa mjini, kwa mtu ambaye hamjui mzee na ambaye ana mafaili mengine mia. Ila kuna binadamu aliyeamua kwamba majina yafanane herufi kwa herufi, na mwingine aliyeamua kwamba karani wa chama asipewe ruhusa ya kusahihisha. Maamuzi hayo yalipitishwa mezani na watu, na watu wanaweza kuyabadili.

Kuchelewa huko kuna gharama isiyoandikwa kwenye stakabadhi. Kati ya siku ya kupima mzigo na siku ya kupata fedha kuna siku kadhaa, na njaa na ada ya shule havisubiri mnada. Ndiyo maana biashara ya kakao mbichi haijafa, japo imekatazwa na japo kuna doria. Mlanguzi anakuja usiku na fedha taslimu. Ananunua mbegu zenye utelezi wake, hazijavundikwa, kwa bei ya kuumiza, na anayemuuzia anajua kabisa anaumizwa. Wengine huuza tunda likiwa bado mtini. Viongozi huwaita wakulima hao wahujumu wa ushirika. Mimi naona mlanguzi anauza kitu kimoja ambacho mfumo rasmi haujawa nacho: malipo ya leo. Doria haiwezi kushindana na hilo. Chama kikiweza kumtangulizia mkulima nusu ya fedha siku ya mizani, kwa dhamana ya stakabadhi yake mwenyewe, mlanguzi atapungukiwa wateja bila mgambo hata mmoja kutoka nje.

Kuna atakayenijibu kwamba mamlaka ya kusahihisha yaliondolewa karibu na mkulima kwa makusudi, na atakuwa na hoja. Mtu wa mizani aliyekuwa na uwezo wa kurekebisha ndiye huyohuyo aliyekuwa na uwezo wa kuiba. Tunaijua lumbesa ya mpunga: gunia linashindiliwa, linawekewa kilemba, na kilo zinazozidi ni za mnunuzi. Tunawajua makarani walioandika kilo 48 kwenye mzigo wa 52. Kompyuta ililetwa ili mkono wa namna hiyo ufungwe. Hata hivyo kumfunga mkono mwizi kwa kuwafunga mikono wote ni tiba inayomdhuru mgonjwa. Kinachohitajika ni marekebisho yanayoacha alama: karani abadili herufi, katibu wa chama athibitishe, mkulima apate meseji ya Kiswahili inayosema nini kimebadilishwa na nani, na mkaguzi aone yote mwisho wa mwezi. Kuandika programu ya namna hiyo kunahitaji uamuzi zaidi ya ufundi. Benki zetu zinafanya hivyo kila siku kwa fedha nyingi zaidi.

Kwenye simu, shida inaanzia kwenye dhana. Watengenezaji wa programu wa dunia nzima wanafikiri kwamba simu moja ni ya mtu mmoja, na namba ya siri iko kichwani mwa huyo mmoja. Nyumba nyingi za huku simu ni ya familia. Bibi haoni vizuri, mjukuu wa darasa la sita ndiye anayesoma meseji, na namba ya siri inajulikana na bibi, mjukuu na wakala wa kibandani. Wataalamu wa usalama wakisikia hivyo wanashika vichwa. Lakini bibi hana njia nyingine ya kupokea fedha za mwanawe aliye Tunduma. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, iliyoibeba hadi vijijini haikuwa teknolojia peke yake. Ilikuwa kibanda, na ndani ya kibanda mtu anayemwita mteja wake shangazi. Kampuni za simu zilijenga mtandao mkubwa wa binadamu na kuupa jina la huduma ya fedha. Lakini wakala naye, kama karani wa kakao, alipewa sura bila mamlaka. Shangazi yangu alikosea tarakimu moja, Sh45,000 ikaenda kwa mtu asiyemjua. Wakala aliona kosa papo hapo. Alichoweza kufanya ni kuwapigia huduma kwa wateja, na simu ilipopokelewa fedha ilikuwa imeshatolewa. Shangazi hakumlaumu wakala. Alilia, akarudi shambani.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Ilitakiwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa. Kwa mtu wa mpakani jambo hili lina uchungu wa pekee. Wanyakyusa na Wangonde ni ndugu waliogawanywa na mto, na mto wenyewe huhama njia mafuriko yakija, kiasi kwamba nchi mbili zimelazimika kuunda Kamisheni ya Bonde la Mto Songwe, yenye makao yake hapahapa Kyela. Mama aliyezaliwa ng'ambo akaolewa Njisi miaka arobaini iliyopita anaulizwa maswali ambayo mwenzake wa Dodoma hataulizwa. Naelewa kwa nini serikali inachunguza uraia mpakani. Nisichokielewa ni kwa nini uchunguzi ukichelewa, simu ya mama huyo ndiyo izimwe, na pamoja na simu ufungwe mfuko wake wa fedha. Kisha kuna vidole vyenyewe. Mtu aliyeshika jembe miaka hamsini na kupasua matunda ya kakao kwa panga, ngozi ya vidole vyake imelainika mistari. Nimemwona kijana wa usajili akimfuta mzee kidole kwa kitambaa, akijaribu cha shahada, cha kati, gumba, kisha mkono wa pili, na mashine ikibaki kimya. Kazi iliyoijenga nchi ndiyo iliyomfuta alama.

Tozo ya miamala ya Julai 2021 ilitufundisha jambo jingine. Ilianzia Sh10 hadi Sh10,000 kwa muamala kutegemea kiasi, na ilikatwa na programu yenyewe. Hakukuwa na mtoza kodi wa kumweleza kwamba fedha hii ni ya dawa. Watu wakarudi kwenye njia za kale: bahasha kwa dereva wa basi la Mbeya, fedha iliyofungwa kwenye kanga. Malalamiko yalipopanda, tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, ikapunguzwa tena mwaka uliofuata, na baadaye sehemu yake ikaondolewa. Kwa hiyo sera iliyoandikwa ndani ya programu inarekebishika, ikiwa waliokatwa ni mamilioni na wanapiga kelele pamoja. Mzee wa jina lililokataliwa yuko peke yake.

Mbolea ya ruzuku nitaipitia haraka, kwa kuwa yanayofanana nimeshayasema. Rais Samia aliizindua Agosti 8, 2022, kwenye viwanja vya John Mwakangale Mbeya. Mkulima anasajiliwa kijijini, anapewa namba, na kwa namba hiyo ananunua mfuko kwa bei nafuu. Wazo zuri, na bei ilishuka kweli. Msimu wa kwanza foleni zilikesha, mtandao ulipokatika mbolea ilikaa ghalani na wenye haki yake nje. Mvua haikusubiri mtandao.

Ninalotaka wasomaji walitazame kwa makini ni lile linalokuja kutoka Ulaya. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayozuia kuuza kwao kakao, kahawa na mazao mengine yaliyotoka kwenye ardhi iliyokatwa misitu baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji ulikuwa uanze mwisho wa 2024, ukasogezwa mwaka mmoja, kisha ukasogezwa tena hadi mwisho wa 2026. Kila mzigo utatakiwa kuonyesha shamba ulikotoka: nukta ya ramani yenye tarakimu sita baada ya desimali, na kwa shamba linalozidi hekta 4, mpaka wake wote. Mashamba yetu mengi hayafiki hata hekta moja. Kwa maana hiyo, kijana atapita na simu, atasimama shambani, atabonyeza, na shamba la babu litakuwa limeingia kwenye kanzidata.

Nia ya sheria naiunga mkono kwa moyo wote. Sisi tunaoishi chini ya Milima ya Livingstone tunajua mto Lufilyo au Mbaka unavyoshuka kwa hasira pale msitu wa juu unapokatwa. Lakini tazama kakao ya Kyela inavyoota. Iko chini ya migomba, kando ya miembe na miparachichi, nyingine imeachiwa miti ya asili iipe kivuli. Ukiitazama kutoka angani, ni msitu. Hilo ndilo tatizo ambalo wachambuzi wa picha za setilaiti wamekuwa wakilijadili kuhusu kakao ya kivuli popote duniani: kompyuta inaweza kuliita shamba la miaka thelathini msitu, kisha mkulima akipunguza matawi ikaona ukataji. Anayelima kwa namna inayotunza ardhi vizuri zaidi ndiye aliye hatarini kuandikwa mharibifu. Na akiandikwa hivyo, atamwambia nani? Mnunuzi atamwambia mfumo umekataa. Mwenye mfumo yuko jiji ambalo mkulima hajawahi kusikia jina lake.

Kuna pia suala la mali. Nukta ya shamba, ukubwa wake na jina la mwenyewe ni taarifa zenye thamani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume ya kuisimamia. Kwa sheria hiyo mkulima ana haki ya kujua kilichokusanywa juu yake na kudai kisahihishwe. Ningependa kila kijana anayepita na simu mashambani alazimike kumwachia mkulima karatasi: namba hizi sita kwa sita ndizo shamba lako, zimechukuliwa siku hii, zinatunzwa na fulani, na zikikosewa nenda ofisi hii. Karatasi, kwa sababu karatasi hukaa kwenye sanduku pamoja na cheti cha ubatizo na risiti za ada, na mtoto ataikuta.

Na yote haya yanasimama juu ya waya mwembamba. Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na mtandao wa Kyela ukayumba kwa jambo lililotokea chini ya bahari ambayo sisi wa ziwani hatuioni. Hiyo ilikuwa ajali. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na hiyo haikuwa ajali. Ukishamwambia mkulima kwamba soko lake, malipo yake na utambulisho wake viko mtandaoni, umebeba dhamana ya kutomzimia mtandao huo.

Vijana wa kuandika programu bora zaidi tunao. Wanasomea Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, safari ya saa chache kwa gari kutoka ghala la kakao. Ningewapeleka wakae wiki moja kwenye benchi la chama cha msingi kabla hawajaandika mstari mmoja. Wangejifunza kwamba sehemu ya jina inahitaji kukubali tahajia mbili za mtu mmoja. Wangejifunza kwamba meseji ya Kiingereza yenye vifupisho vitatu haimfai mtu ambaye mjukuu wake ndiye msomaji. Wangeona kwamba programu lazima ifanye kazi mtandao ukiwa haupo na itume baadaye ukirudi. Na wangejua kwamba mnada uliotangazwa kuwa saa 10:00 kwenye simu ni saa nne kwa kila mtu aliyekaa pale, na kwamba waliokuja saa kumi jioni hawakuwa wajinga.

Yule mzee wa kofia hakuondoka siku ile. Karani alipochoka kutazama kioo, alivuta droo akatoa daftari kubwa la kaunta, limechakaa pembe, lenye majina ya wanachama tangu kompyuta haijafika. Alisema atapeleka mwenyewe barua Kyela mjini kesho yake, ila anataka jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Akamgeuzia mzee daftari aonyeshe. Mzee aliinama juu ya ukurasa, akaweka kidole, akatamka herufi moja moja kwa sauti, karani akiziandika: M, W, A, M, B, U, G. Akasita, akamtazama kijana usoni.

"Halafu H," akasema. "Usiiache hiyo."